Jiwe Lililo Chini ya Shamba Lako

Mtu akipata shamba katika skimu, kwanza hutazama mto uko wapi, barabara iko umbali gani, na nyasi ni za namna gani. Hayo ni mambo mema ya kutazama. Lakini ni wachache wanaoinama wakaokota jiwe na kuuliza: Jiwe hili limetoka wapi, nalo laniambia nini juu ya shamba hili?

Yamkini utaniuliza, ndugu mkulima, mawe yana faida gani kwa mtu apandaye viazi na kukamua ng'ombe. Ofisini kwetu hufika watu wenye mashauri ya kila namna. Mmoja ametumia fedha za maziwa za mwaka mzima kuchimba kisima, akagonga mwamba mgumu asipate hata debe moja la maji, na jirani yake ng'ambo ya kijito amepata maji kwa futi 30. Mwingine watoto wake wana meno ya rangi ya hudhurungi, naye huwagombeza kila asubuhi akidhani hawapigi mswaki. Wa tatu amejenga nyumba nzuri ya mawe, na baada ya mvua mbili kuta zinamumunyuka. Watu hawa watatu hawafanani kwa lo lote, ila kwa jambo moja: hawakujua mwamba walioketi juu yake.

Basi na tuanze mwanzo, kama darasani. Miamba yote ya dunia, hata ikiwa na rangi mia, hugawanywa mafungu matatu kwa jinsi ilivyofanyika. Fungu la kwanza ni miamba ya moto, iliyokuwa imeyeyuka ikapoa na kuganda, kama mafuta ya nyama yanavyoganda katika sufuria moto ukizimika. Fungu la pili ni miamba tabaka, iliyofanyika kwa mchanga, matope au makombe yaliyotulia chini ya maji au kupeperushwa na upepo, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakashikamana. Fungu la tatu ni miamba geu. Hii ilikuwa miamba ya namna nyingine zamani, ikazikwa chini sana, ikapikwa na kukandamizwa hata ikageuka bila kuyeyuka, kama udongo wa mfinyanzi unavyogeuka chungu ukitiwa motoni.

MIAMBA YA MOTO

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Kinangop hata Uasin Gishu, mwamba ulio chini ya mashamba mengi ya skimu ni wa fungu hili la kwanza. Kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Chini sana ya miguu yetu kuna joto kali, na mahali pengine mwamba huyeyuka ukawa kama uji mzito. Uji huo ukipata ufa hupanda juu. Ukikwama njiani, hupoa polepole kwa maelfu na maelfu ya miaka, na punje zake hupata nafasi ya kukua. Hivyo ndivyo linavyofanyika jiwe liitwalo itale, ambalo ukilitazama karibu waona punje za waridi, nyeupe na nyeusi zimeshikamana kama githeri. Mawe makubwa ya Kit Mikayi karibu na Kisumu, na yale yaliyobebana katika vilima vya Maragoli, ni ya namna hiyo. Lakini uji ukifika juu na kumwagika nje, waitwa lava, nao hupoa upesi, na punje zake huwa ndogo hata jicho halizioni. Ukipoa ghafula kabisa hauwi na punje hata moja, bali huwa kama kioo cheusi. Vipande vya kioo hicho vyaonekana pande za Naivasha na Gilgil, na watu wa kale walivifanya visu.

Kwetu moto huo uliletwa na Bonde la Ufa. Nchi ilivutwa pande mbili ikapasuka, na kwa muda wa miaka milioni 20 na zaidi volkeno nyingi zimetoa lava na majivu, ndani ya Bonde na nje yake. Longonot na Menengai zi ndani ya Bonde. Mlima Kenya uko nje, nao ni volkeno iliyokwisha kufa. Kilele chake cha Batian, chenye mita 5,199, ni mwamba uliogandia katika koo la volkeno hiyo. Kuta laini zilizolizunguka koo zimekwisha kuliwa na mvua na barafu.

Mkulima yampasa atofautishe vitu viwili vilivyotoka katika volkeno, yaani lava na majivu. Lava hutiririka, na ikiganda huwa mwamba mgumu mzito. Pande za Nyahururu na uwanda wa Uasin Gishu kuna lava iitwayo fonolaiti, maana yake jiwe la sauti, kwa kuwa kibamba chake kikigongwa kwa nyundo hulia kama kengele. Maporomoko ya Nyahururu, yapata mita 74, huanguka kutoka ukingo wa lava hiyo. Majivu hayatiririki kama uji. Hurushwa juu au kusambaa kwa kishindo yakiwa moto, kisha hutua na kugandamana. Huwa jiwe jepesi la kijivu au la manjano, nalo wachonga mawe hulipenda kwa kuwa lakatika kwa urahisi.

Katika miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya penye mvua nyingi, lava imeoza ikawa udongo mwekundu wa kina kirefu, mahali pengine mita kadha wa kadha, usiofika mwamba hata uchimbe choo. Wekundu huo ni kutu ya chuma kilichokuwa ndani ya jiwe. Huo ni udongo mwema sana, lakini una tabia moja ambayo yafaa uijue kabla ya kununua mbolea: chuma hicho huikamata fosfati na kuishika isiifikie mizizi. Ukitawanya mbolea ya fosfati ovyo juu ya shamba zima, sehemu kubwa hukamatwa. Iweke ndani ya shimo au mfereji wa kupandia, uichanganye na udongo kidogo isiguse mbegu, nawe utavuna zaidi kwa mfuko ule ule.

Lava hiyo hiyo ikiozea mahali tambarare pasipotoka maji, hufanya udongo mweusi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, hata nyufa zake hupitisha mkono. Sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga ya Mwea ni ya udongo huo, na mpunga waupenda kwa kuwa hushika maji. Nyumba haziupendi. Ukijenga juu yake bila kuchimba msingi hata ukapita tabaka jeusi, kuta zitafuata mwendo wa udongo, zikipanda masika na kushuka kiangazi.

Uwanda wa Kinangop ni habari nyingine, kwa maana umefunikwa na majivu. Sehemu nyingi juu kuna udongo wa kijivu mwepesi, na chini yake udongo wa mfinyanzi mgumu usiopitisha maji. Mvua ikinyesha kwa wingi maji hushuka kidogo, hugonga sakafu hiyo, kisha husimama katika mizizi. Viazi huoza na pareto hunyauka, na mwenye shamba hulaumu mbegu au jirani mwenye kijicho. Chimba shimo la futi tatu ujionee mwenyewe. Ukiikuta sakafu hiyo, dawa yake ni mitaro ya kutoa maji na kupanda juu ya matuta yaliyoinuka. Mbolea peke yake haitakusaidia.

MAJI YALIYO NDANI YA MWAMBA

Watu wengi hudhani ya kuwa chini ya ardhi kuna mito inayopita kama bomba, na aliyebahatika huipata. Si hivyo. Maji ya chini hukaa katika nafasi zilizo ndani ya mwamba wenyewe, na nafasi hizo hutegemea namna ya mwamba.

Katika nchi ya lava, volkeno haikutoa lava mara moja tu. Ilitoa, ikapumzika maelfu ya miaka, udongo ukafanyika na miti ikaota, kisha ikatoa tena. Kwa hiyo ukichimba hupita tabaka la lava ngumu, halafu tabaka la udongo wa kale au changarawe, halafu lava tena. Mara nyingi maji yamo katikati ya tabaka hizo. Mtu aliyekoma katika lava ya kwanza hakupata maji, na huenda yalikuwa futi chache tu chini yake. Lakini lava hiyo haichimbiki kwa sururu, yataka mtambo. Ndiyo sababu yafaa kulipa mtaalamu apime kwanza, na kupata kibali cha kisima kirefu, kabla ya kumlipa mchimbaji hata senti.

Sasa juu ya yale meno. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama vile pande za Nakuru, Gilgil na Naivasha, miamba ya volkeno ina floridi nyingi. Maji yakikaa humo muda mrefu huiyeyusha. Hayana rangi wala harufu, na huenda ukayaona matamu kuliko ya mto. Kidogo chake hulinda meno, lakini Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya Bonde hupita kiasi hicho kwa mbali. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanafanyika ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hata umri wa miaka minane hivi, meno yatatoka na madoa ya hudhurungi yasiyofutika. Floridi ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa na viungo. Mswaki hauna kosa, wala mtoto hana kosa.

Kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hubaki, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke, huzidi. Peleka maji yapimwe. Yakiwa mabaya, watengee watoto wadogo na mama wajawazito maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, kwa maana maji ya mvua hayajapita katika mwamba, na maji ya kisima yatumie kufulia na kuoshea. Uko pia mchujo wa mkaa wa mifupa, ambao hushika floridi vizuri, lakini mkaa huo hutengenezwa na wanaojua kazi hiyo, na hapana budi ubadilishwe ukichoka. Usichome mifupa jikoni kwako ukadhani umepata dawa.

MIAMBA TABAKA

Fungu la pili nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa wakulima wa skimu za nyanda za juu hawakai juu yake sana. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mwamba mweupe mwepesi kama unga. Hayo ni magamba ya viumbe vidogo vya majini, visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kurundikana chini ya ziwa la zamani. Pwani, miamba ya matumbawe ilijengwa na wanyama wadogo wa baharini wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Jiwe hilo ndilo lililojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na tangu 1954 limekuwa likisagwa Bamburi kwa ajili ya saruji.

Chokaa yatukumbusha jambo moja. Sehemu nyingi za Trans Nzoia na Uasin Gishu zina udongo wenye asidi, na mahindi yake hudumaa hata ukitia mbolea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Chokaa ichimbwayo Koru ni ya ajabu kidogo, kwa maana haikutoka baharini. Ni mwamba wa chokaa uliotokana na volkeno ya zamani, jambo lisilopatikana katika nchi nyingi. Lakini usinunue hata gunia moja kabla ya udongo kupimwa, kwa sababu shamba lisilo na asidi halihitaji chokaa, na ukiizidisha utanyima mimea vyakula vingine.

Muramu nao wastahili kutajwa. Wengi hudhani ni jiwe lililooza, kumbe ni udongo uliokuwa jiwe. Mvua ya miaka mingi huosha vitu vingine vyote na kuacha chuma, nacho hushikamana kikawa vidonge, kisha bamba. Ni jema kwa barabara. Ukilikuta chini ya shamba lako kwa futi moja tu, usilime kwa kina wala usipande miti yenye mizizi mirefu. Mahali hapo paache pawe malisho.

MIAMBA GEU

Wakulima wa Machakos, wa vilima vya Mua na nchi ya kuelekea Kitui, wao wameketi juu ya miamba ya kale kabisa kuliko lava zote nilizozitaja. Miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, matope, mchanga na miamba mingine ilizikwa chini ya milima mikubwa iliyokuwapo huko, ikapikwa na kukunjwa. Milima hiyo imekwisha kulika, na kilichobaki ni mizizi yake. Utaitambua miamba hiyo kwa mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda kama kitambaa kilichokunjwa, na kwa ulanga, yaani vile vibamba vinavyong'aa jua likipiga. Mwamba wa chokaa ukipata mapishi hayo huwa marumaru, kama yale yachimbwayo Kajiado.

Jiwe hili likioza hutoa mchanga mwingi na chakula kidogo cha mimea. Udongo wake ni mwepesi kulima, nao hupelekwa na mvua kwa urahisi. Yafaa kujua kwamba sentimita moja tu ya udongo huchukua mamia ya miaka kufanyika kutoka mwamba, na mvua moja kubwa katika shamba lisilo na matuta yaweza kuiondoa kwa saa moja. Samadi katika udongo huu ni kazi ya kila mwaka.

Juu ya maji, mwamba huu ukiwa mzima hauna nafasi yo yote ndani yake. Maji hukaa katika sehemu iliyooza juu ya mwamba mzima, au katika nyufa. Mchimbaji akifika mwamba mzima usio na ufa, na aache, kwa maana kuendelea ni kutupa fedha. Tazama mito ya mchanga badala yake. Huko mwamba mgumu hukatiza mto kama kizingiti, na nyuma yake mchanga hushika maji hata kiangazi. Watu wa Ukambani wamejenga kuta juu ya vizingiti hivyo ili mchanga uongezeke, na maji ya humo huchujwa na mchanga wenyewe wala jua haliyanywi.

Ukiwa huko tazama uwanda mrefu wa Yatta, karibu kilomita 300. Ni lava iliyotiririka katika bonde la mto wa kale ikaganda humo. Nchi ya kandokando ilikuwa ya miamba hii geu, nayo ikalika polepole. Lava haikulika upesi hivyo. Sasa palipokuwa bonde pamekuwa mlima, na palipokuwa juu pamekuwa chini.

MAWE YA KUJENGEA, NA MAWE YANAYONG'AA

Nyumba za mawe za Nairobi na Thika, nyingi ni za jiwe la majivu, kama lile lichongwalo pande za Juja. Lililo jema hudumu miaka mingi. Lakini majivu hayakugandamana sawasawa kila mahali, na hata timbo moja laweza kuwa na tabaka jema na tabaka bovu. Kabla ya kulipia lori, chukua mawe mawili matatu. Yagonge kwa nyundo: lililo zima hutoa sauti kali, na bovu hutoa sauti ya kufa. Kisha yalaze katika pipa la maji usiku kucha, na asubuhi uyakwaruze kwa msumari. Likitoka unga kama ugali uliolala, usilinunue, hata fundi akuambie litakauka likiwa ukutani. Na kwa mafiga usichukue mawe yaliyotoka mtoni yakiwa yamelowa, kwa kuwa maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na jiwe laweza kupasuka mbele ya mpishi.

Mwisho, mawe yanayong'aa. Hakuna mwezi upitao bila mtu kuleta ofisini jiwe limefungwa katika leso, na kuniomba tufunge mlango kwanza. Simcheki, kwa maana dhahabu ilipatikana kweli Kakamega katika miaka ya 1930, nayo ilikuwa katika mishipa ya jiwe jeupe gumu lililokatiza miamba ya kale. Lakini jaribu hivi mwenyewe. Kinachong'aa kikibanduka kwa ukucha kama karatasi, ni ulanga. Kikiwa na pembe za mraba na kuvunjika vipande ukikipiga nyundo, ni madini ya chuma na kiberiti. Dhahabu haivunjiki, hulala bapa chini ya nyundo. Ukidhani umepata madini ya thamani, fahamu kwamba kwa Sheria ya Madini ya 2016 madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Taifa, hata kama hati ya shamba ni yako, kwa hiyo usitie sahihi karatasi ya mtu ye yote aliyekuja na gari kabla hujauliza ofisi inayohusika.

Ukileta jiwe kwetu, lete lililovunjwa karibuni, si lile lililopigwa na jua miaka mingi, kwa kuwa uso wa nje huficha rangi yake. Saizi ya ngumi yatosha. Andika katika karatasi namba ya shamba, mahali ulipolitoa, na ni futi ngapi chini. Ukiweza lete na udongo uliokuwa juu yake katika mfuko mwingine ulio safi, usiokuwa mfuko wa mbolea, maana chembe za mbolea huharibu kipimo.